Bakuli Moja la Haakh

Mughli alikuwa na vali ya chuma moyoni, aliyowekewa Srinagar mwaka jana, na mkamwana aliyemnyima haakh. Kati ya hayo mawili, lililomuuma ni la pili. Mkashmiri gani huyo anayekula wali bila mboga ya majani ya haakh? "Ukininyima haakh umeninyima haki," alimwambia Shaista kila siku, na kila siku Shaista akampakulia dengu.

Siku hiyo walikuwa kliniki. Daktari Nahida alisoma kipimo cha kuganda kwa damu, akakunja uso.

"Moja na nusu. Mama, kwa vali yako nataka kati ya mbili na nusu na tatu na nusu. Ikishuka hivi, damu inaganda upesi, vali inaweza kuziba. Mwezi uliopita ilikuwa tano, ukatokwa damu puani. Dawa ya kuzuia kuganda unameza?"

"Anameza mbele yangu," Shaista akadakia.

"Basi naongeza dozi."

Mughli alijua kilichoshusha kipimo: wiki nzima alikuwa akishinda mchana kwa dada yake, akitafuna haakh kama mbuzi. Akinyamaza, dozi itapanda, na akirudi kwenye dengu za Shaista damu itamtoka tena. Akisema, hata kwa dada hataruhusiwa kwenda. Lakini ile damu ya puani ilimtisha zaidi.

"Daktari, weka kalamu chini. Nimekula haakh. Nyingi."

"Mama! Si uliniapia?" Shaista akamaka.

"Niliapa sijala nyumbani. Kwa dada hukuuliza."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Nani alisema asile kabisa?"

"Niliambiwa inapigana na dawa," Shaista akajibu.

"Inapigana, ndiyo. Majani yanasaidia damu kuganda, dawa inaizuia. Kwa hiyo ale bakuli moja kila siku, lilelile, nami nitaipanga dawa ilingane na bakuli. Kinachotuvuruga ni leo sufuria nzima, kesho hakuna. Dozi ibaki hivyo, mrudi Jumatatu tupime."

Mughli alijiandaa kumtambia mkamwana wake hadi nyumbani. Alipogeuka, Shaista alikuwa analia.

"We mtoto, unalia nini? Sijafa."

"Nina hamu ya haakh, mama. Tangu upasuliwe sijaionja. Ningekulaje mbele yako?"

Jioni Mughli aliipika mwenyewe, na kabla ya kujipimia bakuli lake, akamjazia Shaista sahani mpaka wali ukafunikwa.