Nyuma ya Pazia Jeupe

Jumapili ile niliamka na hasira zangu. Noel, mwanangu wa pekee, aliahidi kunipitia kazini jioni twende kwangu tukale. Yeye anaishi Thamesmead, mimi Wembley. Jiji ni moja, lakini kumwona ni mpaka Krismasi. Nikimpigia naongea Kiswahili, ananijibu "Okay, Mum", simu imekatika. Nyumba ina kimya mpaka nimeanza kugombana na redio. Nilishapika ndizi na nyama, nikafunika sufuria.

Kazi yangu ni kutunza ukumbi: nafungua, napanga viti, nafunga. Siku hiyo aliukodi mzee mmoja wa Kerala, kule kusini mwa India, anaitwa Velayudhan. Alikuja na vikaragosi vya ngozi, bapa, vimetobolewa vitundu vidogo vidogo. Marehemu baba yake ndiye aliyevikata. Akatundika pazia jeupe, akapanga taa za mafuta nyuma yake, akainua kikaragosi kimoja. Kivuli cha mfalme kikasimama pale, na taji lake na mapambo yake yote. Nilibaki mdomo wazi.

Saa tisa ikafika, hakuna mtu. Tisa na nusu, hola! Uwanjani kulikuwa na mechi, barabara zimejaa. Nani aje kutazama vivuli?

"Mzee, fungasha tu," nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. "Watu hawaji."

Akacheka. "Dada, kwetu tunacheza hekaluni, mara nyingi uwanja mtupu. Mungu wetu wa kike anatazama, inatosha." Kisha uso ukamshuka. "Ila siwezi peke yangu. Msimulizi lazima awe na wa kumwitikia, na mpwa wangu amekwama njiani. Ukisimulia bila kuitikiwa, si unakuwa mwendawazimu anayeongea peke yake?"

Jamani, maneno yale yalinichoma. Nikaiacha simu kwenye mkoba ofisini, nikaingia nyuma ya pazia.

Ukiwa huko huoni ukumbi kabisa. Taa ziko upande wako, mbele ni weupe mtupu. Mzee akaanza kuimba kisa cha vita kwa lugha ambayo sikuelewa hata neno. Akinyamaza, mimi "Naam!" Akiendelea, "Naam, twende!" Akanipa nyani nimshike, nikamchezesha vibaya, mzee akacheka mpaka wimbo ukampotea. Mwishowe nikawa nabwata kwa Kiswahili, "Mchape huyo, hana adabu!" naye anaendelea kama ameelewa. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho mtu alisubiri sauti yangu ndipo aendelee. Nilifurahi, nilifurahi mno.

Tulipomaliza nikaenda kuchukua simu. Noel alikuwa amepiga mara tatu, kisha akaandika. Alifika mapema, mlango ulikuwa wazi, akakaa kiti cha nyuma. Alinisikia nacheka na wenzangu, akaona asinisumbue. Amesharudi. Amefurahi kuona nina watu wangu, maana alikuwa na wasiwasi nakaa peke yangu. Sasa hana wasiwasi tena.

Nikatoka mbio mpaka barabarani. Mashabiki tele, jezi tele, Noel hayupo. Nikapiga, simu haipatikani. Bila shaka alishaingia kwenye treni. Nikarudi ndani.

"Kuna nini?" mzee akauliza, anafuta masizi kwenye vidole.

"Kuna mtu alikuja. Alikaa kiti cha nyuma."

"Alitutazama sisi?" Mzee wa watu macho yalimwaka. "Tangu nije nchi hii hajawahi kuja mtu! Alipenda?"

Ningemwambia nini? Kwamba huyo ndiye mtu niliyemngoja tangu Krismasi?

"Alipenda sana," nikasema.

Akanishika mikono yote miwili, anashukuru, anashukuru. Nami machozi yakanitoka, na mzee akadhani tunalia furaha moja.