Alama Chini ya Ukucha wa Tai

Nianze kwa kusema kwamba mke wangu Sughra si mwizi. Nasema hivyo kwa sababu asubuhi ya Ijumaa ile nilimwita mwizi, mbele ya chai yake mwenyewe, na mpaka leo naonja matunda ya ulimi wangu. Lakini hata nikiomba radhi mara mia, jambo liko palepale: sarafu yangu ilikuwa kwenye kisosi, juu ya meza yangu, na yeye akaichukua.

Kisosi kile kila mtu nyumbani anakijua. Tunakaa huku ughaibuni, mji wa Richmond Hill, nyumba ya vyumba vinne, na katika nyumba nzima nimeomba meza moja tu, ya karibu na dirisha la juu. Hapo pana taa yangu, mizani yangu ndogo, lenzi yangu na ruble zangu. Nilisoma uhandisi Leningrad, miaka sita ya baridi na supu ya kabichi, na nilichotoka nacho huko ni cheti, goti bovu na kujua kusoma Kirusi. Wazee wenzangu msikitini wanashinda wakibishana siasa za nchi walizozihama zamani. Mimi natazama sarafu zangu kimya kimya. Nimemkosea nani?

Ruble ya siku hizi ina pande mbili, kama sarafu yoyote. Upande mmoja kuna tarakimu ya moja, kubwa, na kitawi cha majani. Upande wa pili kuna tai mwenye vichwa viwili, na mwaka, na chini ya ukucha wa tai kuna alama ndogo kuliko punje ya mtama. Hizo ni herufi za kiwanda kilichoitengeneza. Zikiwa tatu ni Moscow, zikiwa nne ni Petersburg. Basi, hakuna uchawi. Sasa ruble ya mwaka 2003 ilitoka Petersburg peke yake, tena chache mno, kwa hiyo wajanja huchukua ya mwaka mwingine wakaikwangua tarakimu. Ukiona 2003 na chini ya ukucha ni Moscow, umeshapigwa.

Mimi niliipata ya kweli. Ilikuwa ndani ya mfuko wa sarafu mchanganyiko nilionunua kwenye soko la vitu kuukuu, imekaa katikati ya takataka inang'aa. Wala sikuitaka kwa ajili yangu. Niliitaka kwa ajili ya Kangethe.

Kangethe ni Mkikuyu wa Nyeri, mimi ni Khoja wa Tanga, na Leningrad tulilazwa chumba kimoja, tukagombana kuhusu dirisha miaka sita mizima. Sasa anakaa peke yake mtaa uitwao Jane na Finch, ghorofa ya kumi na mbili. Miaka ishirini amekuwa akijaza albamu yake ya ruble, na tundu moja tu ndilo limebaki wazi, la 2003. Mwaka jana presha ya macho ikamaliza jicho lake la kushoto. La kulia, daktari alimwambia, asilitegemee sana. Tangu siku hiyo wimbo wake ni mmoja. "Taki, mimi nataka kuiona na macho yangu," huniambia. "Nikishaiona, hilo giza lije tu." Kwa hiyo nilichotaka mimi ni Kangethe aione ruble ile kabla jicho halijafunga. Sikutaka kingine chochote.

Na hapa ndipo kosa langu lilipo, nalisema haraka nilipite. Ningeweza kumpelekea siku ileile. Lakini miaka miwili nyuma nilimpigia simu kwa mbwembwe, nimeipata, nimeipata, nikaenda mbio, naye akaitazama kidogo tu akasema, "Hii ni Moscow, bwana. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia." Akacheka mpaka akakohoa. Akawasimulia wote tuliosoma nao, na mpaka leo kuna watu Dodoma wananiita Bwana Moscow. Kwa hiyo safari hii nikasema, hapana, kwanza nihakikishe. Nikaipima uzito. Nikaiweka kisosini pamoja na ruble ya 1998 ya Moscow, nyeusi imechakaa, nikalinganisha herufi asubuhi na jioni. Nikamwandikia mtaalamu mmoja Mrusi, naye akakaa kimya siku kumi na nne kabla ya kunijibu kwa neno moja, ndiyo. Jumla wiki tatu. Alhamisi mchana nikampigia Kangethe, nikamwambia kesho naja nayo. Akasema basi itabidi anyoe ndevu.

Ijumaa asubuhi kisosi kina sarafu moja, ile nyeusi.

"Sughra, nani amegusa meza yangu?"

"Baba Reza, kunywa chai kwanza."

Mke uliyekaa naye miaka karibu hamsini akikwambia kunywa chai kwanza, ujue maji yameshamwagika. Nikakataa kukaa. Akaanza kueleza. Jana jioni, mimi nikiwa msikitini, mjukuu wetu Masoomah alikuwa anaondoka kwa treni kwenda Ottawa kuanza kazi, na kwetu sisi mtoto hasafiri bila imam zamin: sarafu inafungwa kwenye kitambaa cha kijani, anafungiwa mkononi, na akifika salama anaitoa sadaka kwa mwenye shida. Hayo nayajua. Mimi mwenyewe nilivuka mpaka Leningrad nikiwa na shilingi ya mama mkononi.

"Nimetafuta sarafu nyumba nzima," akasema Sughra. "Siku hizi nani ana sarafu? Kila kitu kadi. Mkoba wangu hauna, Reza hana, hata ndani ya gari hamna. Mtoto ameshavaa koti, teksi iko nje. Nimwache aende mkono mtupu?"

"Ukachukua yangu."

"Zilikuwa mbili. Nikachukua ile inayong'aa. Mtoto anasafiri, nimfungie ile chafu?"

Hapo ndipo lile neno liliponitoka. Sughra akaweka kikombe chini taratibu, akapanda ngazi, na mlango wa juu ukafungwa.

Nikampigia Masoomah. Mimi nasema Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, ndivyo tulivyo tangu alipoanza shule. Akaniambia amefika salama, na kama bibi alivyomfundisha, alikitoa kitambaa chote vilevile, bila kukifungua, akampa mama mmoja aliyekuwa amekaa nje ya stesheni. Nikamwambia arudi sasa hivi akamtafute. Mtoto wa watu akaenda kweli. Baada ya saa nzima akapiga: yule mama hayupo, na waliopo hawamjui. Akaniuliza kama ilikuwa sarafu ya thamani kubwa. Nikasema hapana, si sana. Akauliza, sasa babu unanifokea nini?

Na lililoniudhi zaidi ni kwamba hata kukasirika vizuri sikuweza. Mtoto amefika salama, maskini amepewa sadaka, mke wangu amefanya alilofanya mama yangu na bibi yangu. Sasa mimi nigombane na nani, na dua? Nikabaki nazunguka jikoni nafungua makabati nayafunga. Mwishowe nikavaa koti, nikaitia ile ruble nyeusi ya 1998 mfukoni nisiende mikono mitupu kabisa, nikapanda basi mpaka Finch, nikasubiri basi jingine kwenye upepo dakika ishirini na tano. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Kangethe, ndugu yangu, nimeipoteza. Kangethe, usinicheke. Kila nilivyoyapanga yalinitia hasira upya.

Alinifungulia mlango amevaa tai ya shingoni. Alikuwa amenyoa, lakini shavu la kulia aliliacha na ukanda mzima wa ndevu, nami nikajisemea, uzee huo. Mezani albamu iko wazi kwenye ukurasa wa lile tundu, taa inawaka, lenzi iko tayari.

"Leta," akasema.

"Kangethe, ngoja kwanza, kuna jambo."

"Jambo gani tena? Miaka ishirini nangoja. Leta bwana, wacha maringo."

Mkono wake ulikuwa umenyooka hewani, kando kidogo ya mahali niliposimama. Nikamwekea ile ya 1998 kiganjani, nikiwa nataka kumwambia kwamba hii ndiyo iliyobaki. Sikuwahi. Alishaipeleka chini ya taa, akaiweka chini ya lenzi, akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

Aliiweka upande wa tarakimu. Nilikuwa naona vizuri kutoka nilipokaa: moja kubwa na kitawi cha majani. Tai yuko chini, amelala kifudifudi kwenye kitambaa cha meza. Nikafungua mdomo nimwambie aigeuze.

"Naiona," akasema Kangethe, polepole. "Tai huyu hapa. Elfu mbili na tatu. Na chini ya ukucha, ngoja, ngoja. Nne. Ziko nne, Taki. Petersburg."

Nikayatazama yale majani. Nikatazama ule ukanda wa ndevu. Sikumwuliza jicho limekwenda lini, maana nilikuwa na wiki tatu zangu za kuhesabu, na hasira zote nilizomrundikia Sughra tangu asubuhi zikanigeukia, na safari hii zilimpata mwenyewe. Wiki tatu nilikuwa napima uzito ili nisichekwe.

"Mbona umenyamaza?" akauliza, kichwa bado kiko kwenye lenzi. "Nimekosea?"

Katika maisha yangu sijamwachia mtu kosa lipite, muulize yeyote aliyekaa na mimi.

"Hujakosea," nikasema. "Ni Petersburg."

Akaichukua, akaanza kupapasa ukurasa wa albamu kwa vidole, mbali kabisa na mahali penyewe. Nikamshika mkono nikaupeleka kwenye tundu la 2003, na yeye akaibonyeza mpaka ikakaa.