Bi Mbeyu na Dereva Asiyeitikia

Kwa miaka kumi na sita Tsuma aliegesha magari ya wageni katika hoteli moja ya Diani. Kisha ikaletwa roboti ya kujipenyeza chini ya gari, kulinyanyua na kwenda kulipanga, naye akabaki kuitazama.

Siku ya harusi moja hapo hotelini, roboti ililichukua gari la bwana harusi huku nyanya yake, Bi Mbeyu, akiwa bado ndani. Ikalibananisha na mengine hata milango isifunguke. Tsuma akapenya hadi dirishani.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Dereva wenu mpole, ila salamu haitikii."

"Ni mashine, Bi. Nimwite fundi akutoe."

"Asije. Ukumbini kuna makelele. Niletee pilau hapa."

Tsuma alileta sahani mbili, akala yake amesimama.