Sala ya Kufunga Mkutano

Kwenye mlango wa biro, yaani ofisi, ya shirika la Jicho la Raia, mtaani Rwambuzi, mjini Bunia, paliandikwa kwa rangi ya bluu: MILANGO YETU IKO WAZI KWA WOTE. Siku ya mkutano mlango huo ulifungwa na komeo likasukumwa kwa ndani. Ni kwa sababu ya vumbi, alisema Papa Anaclet, prezida wa shirika. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi na matope yalifika vifundoni, lakini hakuna aliyetaka kubishana na prezida juu ya vumbi.

Ketsia aliketi karibu na dirisha, mikono kati ya magoti. Alikuwa amemaliza masomo ya sheria. Mitihani ya kuandika aliishinda yote. Ile ya kusema, walimu walimhurumia. Mbele ya watu ulimi wake uligeuka jiwe. Na leo biro ilijaa, naye alikuwa amempa Michée ahadi.

Michée alisimama nje chini ya ukingo wa paa unaovuja, pamoja na wanaharakati wenzake wa mtaa. Wiki iliyopita, mbele ya watu wote, aliuliza: komite hii ilichaguliwa na nani? Na shirika linalodai raporo za kazi ya kila ofisi mjini, raporo yake lenyewe iko wapi? Komite iliita maulizo hayo “kuchafua jina”, na leo ingemfukuza. Kuingia hakuruhusiwa, kwa kuwa ndiye mshtakiwa.

“Weye njo utanisemea,” alimwambia Ketsia asubuhi. “Bengine bote banaogopa. Ukinyamaza, kwangu imekwisha.”

Ketsia alijua maana yake. Michée alikuja Bunia akikimbia vita vya Djugu, yeye na mama yake na godoro moja. Shirika hili lilikuwa mahali pa kwanza mjini ambapo mtu alimwuliza, “Na weye unaonaje?” Hasara yenyewe ni kwamba alilizoea swali hilo.

Papa Anaclet alieleza kosa la kijana kwa huzuni kubwa, mkono kifuani. Ndiye yule yule aliyepanda juu ya kreti ya bia kule Iga Barrière akapaza sauti: “Kiongozi mwenye kuogopa maulizo ni mwizi tu, bado hatujamukamata!” Siku hiyo Ketsia alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, akajiandikisha.

“Kuna mwenye neno? Hakuna,” alisema prezida kwa pumzi moja.

Mkono wa Ketsia ulipanda, ukafika sikioni, ukaanza kukuna.

“Niko na ulizo kidogo, Papa Prezida,” alisema mzee Fiacre. “Kura itakuwa ya siri ao ya mikono?”

“Ya mikono, muzee. Siye tunatafuta uwazi.”

“Na mutoto mwenyewe, hatutamusikia?”

Hapo watu walikohoa. Papa Anaclet alikuwa na desturi yake: swali likianza kuchemka, huita sala. Alipenda sala kama mpishi apendavyo kifuniko. Na Bunia, nani atakataa kuomba?

“Wapendwa, ninasikia roho ya mabishano. Tuombe kwanza, kisha tupige kura, twende nyumbani.” Akatafuta mtu wa sala fupi. Maman Dorothée alikuwa tayari amesimama, lakini sala ya Maman Dorothée huanzia kwa Abrahamu. Macho ya prezida yakamwangukia yule asiyesema kamwe. “Mutoto yangu Ketsia, utuombee. Kifupi, ee?”

Ketsia akasimama, akafumba macho. Na alipoyafumba, watu wakatoweka. Alibaki na yule mmoja aliyezoea kuzungumza naye tangu utotoni bila kigugumizi.

“Bwana, tunakushukuru ju ya siku ya leo. Weye unaona ndani ya biro hii. Na nje unaona: Michée iko kwenye mvua, ju aliuliza maulizo. Hata siye, Bwana, hatujue jibu. Hatujue ni nani alichagua komite.”

“Njo vile, Bwana!” aliitikia Maman Dorothée.

Papa Anaclet alikohoa. Kisha akasema “Amina!” kwa nguvu, kama mtu anayefunga mlango.

“Amina!” alijibu Maman Dorothée kwa furaha. “Papa ameguswa! Endelea, mutoto!”

“Papa Prezida alitufundisha: kiongozi mwenye kuogopa maulizo ni mwizi. Yeye haogopi, Bwana. Umupe nguvu ya kujibu. Raporo yetu ibandikwe kwenye mlango. Na mukono wa mutu usipande kufukuza Michée, kama hatujamusikia kwanza.”

“Amina!” iliitikia biro nzima. Nyingine ilitoka nje, nzito, ya vijana waliokuwa wamevua kofia zao mvuani.

Ketsia alifumbua macho. Watu walirudi wote. Akaketi, akatamani sakafu immeze.

“Sasa kura,” alisema prezida, kama aliyekwamwa na mwiba wa samaki. “Mwenye kukubali Michée atoke, mukono juu.”

Watu walikalia mikono yao.

“Papa Prezida,” alisema Maman Dorothée, “tumetoka kusema Amina sasa hivi. Tutapigia Mungu kura ya kumupinga?”

“Na weye ulitangulia siye bote kuisema,” aliongeza Fiacre.

Kicheko kilivunja mkutano. Maman Dorothée akaenda akavuta komeo. “Vumbi imekwisha,” alisema.

Michée aliingia akidondokwa na maji, akamwinamia Ketsia. “Kumbe unajua kusema!”

“Sikusema,” alinong’ona. “Niliomba.”

Kwenye mkutano uliofuata, raporo ilikuwa imebandikwa mlangoni, kubwa kiasi kwamba ilifunika maandishi ya bluu. Papa Anaclet akatangaza utaratibu mpya: tangu sasa sala ya kufunga itakuwa ya kimya, kila mtu moyoni mwake.

“Kuna mwenye neno?” aliuliza. “Hakuna.”

Mkono wa Ketsia ulipanda, ukapita sikio.