Mitaro Minne Kwenye Fremu

Fundi bunduki Oren Stuckey aliisogeza bastola sikioni, akaitikisa kama mtu anayepima yai viza. Sehemu ya juu ilichezacheza kwenye fremu. Aliitengeneza mwenyewe kwa mkono, zamani, Harlan Pruett alipokuwa askari wa sherifu hapa Dunmore Wells, Texas.

"Reli za kutelezea zimelika," alisema. "Hizo zinatibika. Ila hii mitaro?"

Alimgeuzia Harlan, aliyeileta, upande wa chini, mbele ya kifyatulio, mahali ambapo hapasuguani na kitu chochote. Chuma kilikuwa kimelika mitaro minne.

"Uzee huo," Harlan akasema. "Mbona wewe umelika mwili mzima na hakuna anayekuuliza? Mwanangu anaapishwa Jumamosi kuwa askari. Nataka aivae."

Oren alilehemu reli, akazichonga kwa tupa, akazisugua mpaka sehemu ya juu ikateleza bila sauti. Mitaro nayo akaijaza.

Jua lilipozama Emmett Tolliver aliingia, akafuta buti zake mlangoni. Emmett alikufa miaka mingi iliyopita kwa risasi ya bastola hiyohiyo. Harlan aliapa mahakamani kwamba alimpiga kwa mbali, ng'ambo ya uzio, Emmett akiwa na bunduki mkononi, na mji mzima ukaridhika. Oren alimsogezea kahawa. Emmett hakuigusa. Aliishika bastola kwa mbele, kama mtu anayeisukuma itoke kifuani pake, akatulia hivyo mpaka mwanga ukaisha. Alipoondoka, mitaro ilikuwa imerudi.

Oren alijaza tena, na Emmett akaja tena. Ijumaa fundi alimpigia simu Verna, mama yake Emmett.

Verna alikuja na aproni ya mgahawani. Aliingiza vidole vyake kwenye mitaro, mmoja mmoja. Mitatu ilinyooka. Wa nne ulipinda kwa nje.

"Mashine ya kufunga nyasi ilimvunja," alisema. "Alikuwa mdogo. Nilimfunga kijiti mwenyewe, kidole kikaunga vibaya." Akarudisha kidole kwenye mtaro uliopinda. "Kwa hiyo hakuwa na bunduki, Oren. Mkono wake ulikuwa hapa."

"Ulikuwa hapo, Verna."

"Umewaambia?"

"Nimeenda kwa sherifu. Ameigeuzageuza, akasema chuma hakiapishwi kuwa shahidi. Akaniuliza kama naweza kumtengenezea na yeye moja."

Verna alicheka, kisha akalia, na Oren hakujua la kufanya na mikono yake.

Harlan alipokuja kuichukua aliiona mitaro, akaingiza kidole, akakitoa upesi. "Iache hivyo," alisema. "Itamsaidia kijana kushika."

Siku ya kiapo ukumbi ulijaa. Verna ndiye aliyemimina kahawa, maana mgahawa ulikuwa umepewa kazi hiyo. Kijana aliishika bastola kwa mikono miwili, vidole vya mkono wa kushoto vikazama kwenye mitaro.

"Baba, imenikaa kama nilipimwa!" alisema. "Kidole cha mwisho tu ndicho kinachokataa."

Siku hizi Emmett huenda nyumbani kwa akina Pruett, iliko bastola. Verna huegesha gari karibu na geti lao jua likielekea kuzama, apate kumwona mwanawe akipita. Akimwona hushusha kioo, akamwambia avae koti. Emmett huitikia kwa kichwa, hupanda ngazi, hufuta buti.

Harlan, kwenye kiti chake barazani, huinua miguu ampishe, kisha humpungia Verna mkono.