Geuza Mtutu

Mimi sina subira, na mtaa mzima unalijua hilo. Kazi ya kulainisha mtutu wa bunduki haimtaki mtu wa aina yangu, ila ndiyo niliyozaliwa ndani yake, na aliyenifundisha ni baba yangu, mtu ambaye hata chai anainywa kana kwamba anaipima.

Karakana yetu ni chumba kimoja kilichopakana na jiko. Leseni iko ukutani kwenye fremu, jiliwa kubwa la kubania chuma limekazwa kwenye meza karibu na dirisha. Mlango wa kwenda jikoni haufungiki vizuri, kwa hiyo Mama anasikia kila tunalosema huku, na sisi tunasikia kila analosema kule, tena yeye anakusudia tusikie. Tunatengeneza bunduki za kizamani, zile za kushindilia baruti na risasi kutoka mdomoni. Wapo watu wanazipenda mpaka leo. Wana klabu yao ya kulenga shabaha, na mkubwa wao ni huyo tunayemwita Bwana Miwani, kwa sababu miwani yake imekaa juu ya paji la uso siku zote na yeye siku zote anaitafuta.

Bwana Miwani ndiye aliyeileta hiyo bunduki. Mtutu ulikuwa mpya, umechongwa na mtu fulani aliyekuwa na haraka zake. Ndani ya mtutu wa namna ile kuna mifereji myembamba inayozunguka kama uzi wa skrubu. Hiyo ndiyo inayoizungusha risasi ikatoka imenyooka. Sasa mifereji ya mtutu huu ilikuwa na makwaruzo matupu. Risasi hushindiliwa ikiwa imevikwa kitambaa, na Bwana Miwani alitutolea mfukoni vitambaa alivyoviokota baada ya kupiga, vimechanikachanika kama vimetafunwa na panya.

"Nalenga ubao," alisema, "nashtukia kuku wa jirani wanakimbia."

"Uache hapa," Baba akamwambia. "Nitausugua mwenyewe."

Kule jikoni sufuria ilitua kwa kishindo. Mama akajitokeza mlangoni na mwiko mkononi.

"Mwenyewe kwa bega lipi, mzee? Hilo ambalo asubuhi nimekuvalisha shati?"

Lo! Mbele ya mgeni! Mwaka mzima bega la kulia la Baba lilikuwa linamsumbua, na mwaka mzima alikuwa anakana. Mara amelala vibaya, mara ni baridi, mara shati lenyewe limeshonwa ovyo. Daktari alimwambia kiungo kimeanza kukaza na aache kazi za kusukuma. Akarudi nyumbani akasema daktari ni mtoto mzuri sana, kisha akaendelea kusukuma. Lakini siku hiyo aliona haya, na Baba akiona haya huwa anaapa.

"Nisikilizeni wote," alisema. Akaupiga kofi ufunguo wa karakana, ambao huwa anauvaa shingoni kwa kamba. "Mtutu huu ukitoka laini kwa mkono wangu, habari ya bega isitajwe tena ndani ya nyumba hii. Ukiharibika, ufunguo huu nampa binti yangu, na mimi nakaa kwenye kiti pale nje nasalimia watu."

"Tumesikia," Mama akasema, akarudi kwenye chungu chake.

Nami niseme wazi, nilitaka Baba ashinde. Kazi naiweza, sikatai. Lakini Baba hajui kukaa. Siku za mapumziko anafungua bawaba za milango ya nyumba azipake mafuta. Mtu wa namna hiyo ukimweka kwenye kiti nje asalimie watu, utakuwa umemzika akiwa anapumua. Hilo ndilo nililoliogopa.

Kazi yenyewe ni hivi. Unayeyusha risasi, namaanisha madini yenyewe, unaimimina ndani ya mtutu juu ya ncha ya fimbo ya chuma. Ikipoa inakuwa kizibo kilichoshika umbo la mifereji yote. Unakipaka mafuta yaliyochanganywa na unga wa msasa, kisha unasukuma na kuvuta, unasukuma na kuvuta, fimbo ikizunguka yenyewe kufuata mifereji. Hakuna cha kuona. Yote unayasikia mkononi, panapokwama na panapolegea. Ukisugua kidogo, kitambaa kitaendelea kuchanika. Ukizidisha, unaila mifereji, mtutu unapanuka katikati na unabaki bomba la maji. Chuma kikishaondoka, hakuna fundi wa kukirudisha.

Na kuna jambo moja Baba alilonifundisha kabla hata sijaruhusiwa kugusa msasa. Ukiwa na shaka, geuza mtutu. Mkwaruzo ulioko karibu na mdomo, ukiugeuza mtutu, utakutana nao mbali, upande wa pili. Ukibaki pale pale, basi hauko kwenye mtutu. Uko kwenye fimbo yako, imepinda.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Baba alisugua, nami nikapaka mafuta na kufuta, na mpaka jioni makwaruzo yote yalikuwa yameisha, isipokuwa moja.

"Pale," Baba alisema. "Shibiri tatu kutoka mdomoni. Bado panakwaruza."

Kesho yake akasugua pale pale. Alipokwenda kunawa ili ale, nikaishika fimbo mwenyewe. Nikasukuma. Ikateleza mwanzo mpaka mwisho. Nikarudia taratibu, mimi nisiye na subira, macho nimeyafumba. Hakukuwa na kitu. Mtutu ulikuwa umelainika, tena vizuri kuliko mitutu mingi niliyowahi kuishika.

Baba akarudi, akasukuma, akakunja uso. "Panakwaruza."

Nikaweka vidole viwili juu ya fimbo, kama namsaidia kuinyoosha. Akasukuma. Na hapo nikausikia. Ulikuwa mshtuko mdogo, na haukutoka kwenye chuma kwenda mkononi mwake. Ulitoka kwake ukaja kwenye chuma. Mkono unapofika pale unyooke, bega linakwama, linalia ko! halafu linaachia. Kila msukumo, mahali palepale.

"Baba," nikasema, "mimi naona umeshalainika."

"Unaona? Huku kwetu tunaona?"

"Nimeusikia, basi. Umelainika."

"Mkono wako bado una haraka, mwanangu. Lete msasa."

Nikaleta. Ningefanya nini, jamani? Nikimwambia mkwaruzo uko begani mwake, ndiyo nimemnyang'anya kazi kwa mdomo wangu. Nikinyamaza, ataendelea kuusugua mtutu ulio sawa mpaka auharibu, na hapo kiapo chake kitamtoa mwenyewe. Nikaenda jikoni nikamwambia Mama yote kwa kunong'ona, kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyelikaza lile bega.

"Mwambie wewe," nikamwambia. "Wewe ni mkewe."

Mama hakuinua macho kutoka kwenye vitunguu. "Nimemwambia mwaka mzima. Nimechoka kuwa adui yake. Na wewe unadhani nilipotoka na mwiko siku ile nilitaka aape? Nilitaka apumzike tu."

Akajifuta macho kwa mkono wa gauni. Vitunguu, nikajiambia, ingawa alikuwa bado hajavikata.

Basi nikafanya lililonijia. Nilichukua masizi nyuma ya jiko, nikayakoroga na grisi mpaka yakawa na rangi ileile ya mchanganyiko wetu wa kusugulia, nikayatia kwenye kopo la msasa. Masizi hayali chuma. Asugue atakavyo, mtutu utabaki salama. Nilijiona mjanja kweli.

Ujanja gani! Kesho yake asubuhi akasugua masizi. Mchana akasugua masizi. Jasho linamtoka, shati limemganda mgongoni, na kila akifika pale uso unamkunjamana. Ananiambia, "Panagoma hapa," nami najibu, "Pataachia tu, Baba," na kila nikisema hivyo najichukia. Mtutu ulikuwa salama. Aliyekuwa anasagika ni yeye, na mimi ndiye niliyekuwa nampakia mafuta. Nilitamani nipige kelele, nikamwongezea masizi.

Halafu akasimama. Akaangalia mtutu, akaangalia dirisha.

"Geuza mtutu," alisema.

"Ya nini, Baba? Tumeshafika mbali."

"Geuza."

Nikalegeza jiliwa. Nilifanya pole pole mno, mpaka yeye akacheka kidogo, akasema leo subira nimeikopa wapi. Nikaugeuza, mdomo ukatazama ukuta. Nikakiingiza kizibo kutoka nyuma, nikakisawazisha na mifereji, nikamwachia fimbo. Moyoni nilikuwa naomba bega liachie, kwa mara hii moja tu liachie.

Akasukuma. Shibiri ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ko.

Palepale.

Akaichomoa fimbo, akaiviringisha juu ya kioo kilicholazwa mezani kuona kama imepinda. Ikaviringika vizuri hadi ukingoni, nikaidaka. Akairudisha ndani ya mtutu. Akaitazama mikono yake yote miwili. Kisha akaishika kwa mkono wa kushoto, ule asioutumia hata kupigia msumari, akasukuma.

Ikateleza mwanzo mpaka mwisho, bila hata kusita.

Akaivuta, akasukuma tena kwa kushoto. Hakuna ko.

"Masizi yako yamenichafulia shati bure," alisema.

"Ulijua?"

"Msasa haunuki moshi wa jikoni, mwanangu. Nimejua tangu asubuhi."

"Sasa kwa nini umesugua siku nzima?" Sauti ilinitoka kwa ukali, siwezi kulia bila kugomba, ndivyo nilivyo. "Ulijua mtutu uko sawa! Ulijua! Kwa nini ujitese?"

"Nilikuwa siko tayari kuugeuza."

Akaishika fimbo tena kwa mkono wa kulia. "Njoo. Weka mkono hapa," akanionyesha bega. Nikaweka kiganja. Alikuwa amekonda kuliko nilivyodhani. Akasukuma, na chini ya kiganja changu nikausikia mkwaruzo wenyewe, ukipanda, ukikwama, ukiachia.

"Umeusikia?"

"Nimeusikia."

"Huo hauna msasa," alisema, kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mteja ukweli.

Mama alikuwa amefika mlangoni, mikono mitupu. Baba akamwona, akatabasamu, akajikaza.

"Mke wangu, mtutu umetoka laini. Kwa mkono wangu. Kiapo nimeshinda, sivyo?"

"Umeshinda, mume wangu."

"Na habari ya bega isitajwe tena."

"Haitatajwa."

Akatikisa kichwa, ameridhika. Mkono wa kushoto alikuwa ameurudisha kwenye fimbo, hataki kuiachia. Kwa ule wa kulia akaikamata kamba ya ufunguo shingoni, akaivuta juu apitishe kichwani. Ikafika usawa wa sikio. Mkono ukakwama. Akajaribu tena, ukakwama palepale, kamba imemkunja sikio kama mtoto anayevalishwa nguo.

Mimi na Mama tukasimama tunamwangalia. Hakuna kati yetu aliyeweza kulitaja.

"Nisaidie, mwanangu," akasema.

Nikamsogelea, nikainua kamba, nikaipitisha sikio moja, kisha la pili, nikamvua ufunguo.