Daftari la Dod Imrie

Nilianza kumshuku Dod Imrie siku aliponiita "kijana." Kijana! Mimi, Wattie Garvock, niliyemzidi miezi minne! Misimu kumi na moja tulicheza pamoja hapa Auchendrum, mimi winga wa kulia, yeye mshambuliaji wa kati. Mimi nachonga krosi, yeye anaweka kichwa, wavu unatikisika, wachimba makaa wanarusha kofia juu. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniita kitu kingine ila Wattie, au tusi.

Halafu akaenda kucheza England, akarudi akiwa meneja wetu. Cheo hicho nilikitaka mimi, siwafichi. Nilikuwa nimekaa miaka saba nachua misuli ya watu na kukimbia na ndoo ya sponji, na kamati ikampa yeye. Nilimpa mkono, nikatabasamu, roho inaniuma.

Aprili ile tulikuwa pabaya. Tukifungwa na Kilmarron Jumamosi ya mwisho, tunashuka daraja. Na meneja wetu ana daftari. Dogo, jeusi, halitoki mfukoni mwa koti. Analichungulia kabla hajaingia chumba cha kubadilishia nguo. Akikuona, analifunga pap! Siku moja nikamuuliza, "Unaandika nini humo, mkubwa, wasia?"

Akacheka. "Mambo ya timu, kijana."

Kijana tena! Na kila Jumanne anapotea. Mke wa Eck Baird, nahodha wetu, alimwona stesheni akipanda treni ya Edinburgh. Treni hiyo inasimama Kilmarron. Mnaona mambo hayo? Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Nikaanza kumchunguza. Aliniuliza nani ana maumivu, nikamwambia Eck, paja la kushoto. Hazikupita dakika kumi, ananiuliza tena.

"Si nimekwambia sasa hivi?"

"Niambie tena."

Aa, huyu ananitega, nikasema moyoni, anataka kuona kama nitageuza maneno. Kisha kwenye mechi ya Jumamosi, wakati wa mapumziko, akamnyooshea kidole Eck, nahodha wake mwenyewe: "Wewe mwenye nywele nyekundu, cheza nyuma kidogo." Eck alinijia amenuna. "Mzee ana nini na mimi?"

"Na wewe hana neno," nikamwambia. "Ana lake na watu wa Kilmarron."

Kesho yake kutwa nilizunguka na jambo hilo kifuani. Jumatatu asubuhi nikamfuata mwenyekiti wa kamati, Lockhart, buchani kwake. "Mwenyekiti, kikulacho ki nguoni mwako. Dod anawapa Kilmarron siri zetu."

Hakuacha kukata mbavu. "Una ushahidi, Wattie, au una wivu?"

"Ushahidi uko mfukoni mwa koti lake."

"Basi ulete."

Ijumaa, Dod alikuwa uwanjani na fulana ya mazoezi, anawafokea mabeki, koti limetundikwa msumarini. Nikalichukua daftari. Sikulifungua. Nilitaka lifunguliwe mbele ya watu, asije akasema nimeandika mimi. Na kusema kweli, nilitaka kuiona sura yake likifunguliwa.

Mazoezi yalipoisha kamati ikakaa, watu watano, sahani ya pai mezani haina wa kuigusa. Dod akaitwa, ana matope mpaka magotini, koti amelitupia mabegani, anapapasa mifuko. Akaimaliza yote akaanza upya. Mimi nilisimama karibu na mlango na ndoo yangu, namtazama, na nilifurahi, potelea mbali, nilifurahi. Lockhart akavaa miwani, akalifungua daftari nililompa, ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti.

"'Nahodha ni Eck. Nywele nyekundu. Mkewe Jessie.'" Akageuza ukurasa. "'Nyumbani ni nyuma ya kanisa, mlango wa kijani. Jumanne, treni ya saa tatu, daktari, Edinburgh. Usishuke Kilmarron.'" Akakohoa.

"Endelea basi," akasema mjumbe mmoja. Mimi nilikwisha tamani anyamaze.

"'Wattie ndiye mchua misuli. Kovu kidevuni. Krosi zake zote zilinikuta kichwani. Mwamini.'"

Nilijikuta nimeshika kidevu. Hakuna aliyenitazama, na afadhali.

"Nilitaka tuimalize mechi ya Jumamosi kwanza, basi," Dod akasema. Alisema taratibu, kama mtu anayevuka barabara ya barafu. "Daktari anahisi kilichoniharibu kichwa ni mpira. Ule wa ngozi, ukilowa, unakuwa tofali. Anasema ameyaona haya kwa mabondia. Mengine yote ninayo. Mchezo wenyewe ninao. Majina ndiyo yananikimbia, na sura."

Na mvua ya Auchendrum haijui Jumamosi ya mapumziko. Misimu kumi na moja nilijisifu baa kwa baa kwamba hata mnifunge kitambaa machoni, nitaupeleka mpira kwenye kipaji cha uso cha Dod Imrie. Nao ulifika, kila mara. Mungu anisamehe, ulifika.

Lockhart akavua miwani, akapapasa aproni yake ya buchani aifutie, aproni ambayo hakuwa ameivaa. "Dod, ndugu yangu, lazima tuulize. Kesho utaiongozaje timu?"

Daftari lilikuwa mbele ya Lockhart. Dod akalitazama, hakulidai. Akatupitia sote kwa macho, mmoja mmoja, nami nikiwemo, na kovu langu na ndoo yangu. Macho hayakusimama popote.

"Muiteni Wattie," akasema. "Tumetoka mbali mimi na yeye. Atanisemea."

Chumba kizima kikanigeukia. Nikaweka ndoo chini, nikamsogelea mpaka nikamgusa mkono. "Niko hapa, Dod."

Akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu aliyekupisha kiti.

"Asante, kijana," akasema. "Lakini mimi namtaka Wattie."